Mlango wa Kinena

Simama wima. Weka kidole kwenye ncha ya mfupa wa nyonga, ile inayochomoza mbele pale mkanda wa suruali au fundo la kanga linapokaa. Sasa kishushe polepole kwa mshazari kuelekea mfupa wa kinena, ulio katikati, juu tu ya sehemu za siri. Njiani utagusa ukingo mgumu kama kamba iliyovutwa. Kituize kidole juu kidogo ya ukingo huo, karibu na mwisho wake, kisha kohoa. Utahisi kitu kikisukuma. Kwa watu wengi ni msukumo mdogo unaopotea papo hapo. Kwa wengine ni uvimbe unaotokeza mpaka nguo inainuka.

Mahali hapo padogo ndipo inapotokea ngiri ya kinena. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na madaktari, takribani mwanaume 1 kati ya 4 huipata wakati fulani wa maisha yake. Kwa wanawake ni kama 3 kati ya 100. Kila mwaka duniani watu zaidi ya milioni 20 hufanyiwa upasuaji wa kuirekebisha. Katika mwili wote, kwa nini ukuta wa tumbo uachie hapo? Jibu limo katika jinsi tulivyoumbwa, na anayelijua hana sababu ya kuuonea haya uvimbe huu.

Ukuta uliosukwa kama mkeka

Kifua kimezungushiwa mbavu na ubongo umefunikwa na fuvu, lakini tumbo, pamoja na yote lililoyabeba, upande wa mbele limeachiwa nyama tupu. Lingekuwa na mifupa lisingetanuka baada ya mlo, lisingepanda na kushuka kwa pumzi, wala lisingebeba mimba ya miezi tisa. Ukuta wake ulipaswa kuwa laini na imara kwa pamoja.

Uimara huo unatokana na msuko. Kila ubavuni kuna misuli mitatu mipana iliyolaliana. Nyuzi za msuli wa nje hushuka kwa mshazari kuelekea mbele, kama vidole vya mtu anayetia mikono mfukoni. Nyuzi za msuli wa kati hupanda kinyume chake. Nyuzi za ule wa ndani kabisa huzunguka kwa mlalo kama mshipi. Msusi wa mikeka anaijua hekima hii: miyaa iliyolazwa upande mmoja huachana upesi, iliyopishana hukaliwa na wageni wa harusi nzima.

Ikikaribia katikati, misuli hiyo hugeuka kuwa kano bapa, nyeupe na ngumu, zinazoivika ala misuli miwili mirefu inayoshuka kutoka mbavuni hadi mfupa wa kinena. Hiyo ndiyo misuli ambayo vijana wa mazoezi hupenda kuonyesha vifungu vyake. Kano za kulia na kushoto hukutana kwenye mstari mweupe wa katikati, na juu ya mstari huo pana kitovu, kovu la tundu letu la kwanza. Watoto wachanga wengi huwa na kitovu kilichotokeza kwa sababu tundu hilo halijajifunga bado. Mara nyingi hujifunga lenyewe kabla mtoto hajatimiza miaka mitano, na sarafu ambayo baadhi yao hufungwa hapo haiharakishi kitu.

Nyuma ya misuli kuna utando mkavu ulio mgumu, kisha mafuta kidogo, kisha utando laini unaoteleza, ambao umeufumbata utumbo kama mfuko. Mfuko huo tutakutana nao tena, maana ndio unaotangulia kutoka ngiri inapotokea.

Mlango wenye kona

Kadiri ukuta unavyolikaribia paja, ndivyo nyama yake inavyopungua. Kano ya msuli wa nje hujikunja na kuwa utepe, ule ukingo mgumu ulioupapasa kwa kidole. Juu yake tu, ukuta umepenywa na mfereji wa mshazari wenye urefu wa takribani sentimita 4. Mdomo wake wa ndani uko upande wa nyonga, wa nje uko karibu na mfupa wa kinena, na midomo hiyo miwili haitazamani.

Aliyewahi kuingia nyumba ya mawe ya Lamu ataielewa sababu. Mlango wa barabarani na wa uani haikupangwa kwenye mstari mmoja. Mgeni hupita dakani, hukata kona, ndipo aone ndani. Mfereji wa kinena umejengwa kwa akili hiyo hiyo. Unapokohoa au kuinua mzigo, shinikizo la tumbo halikuti njia iliyonyooka. Huusukuma ukuta wa nyuma wa mfereji ukaegemea ule wa mbele, huku tao la misuli ya ndani likishuka kama pazia na kuziba. Mtoto mchanga bado hana kona hiyo: mfereji wake ni mfupi na midomo yake karibu inatazamana.

Safari iliyoacha njia wazi

Mlango huu ulifunguliwa kwa ajili ya nani? Kwa mwanamke hupita ukano mwembamba unaoshikilia mji wa mimba, kwa hiyo nafasi yenyewe ni finyu. Kwa mwanaume hupita korodani, nazo hutoka mbali.

Korodani huanza kuumbika takribani wiki ya saba ya mimba, juu kabisa, jirani na figo. Hushuka kidogo kidogo, na mnamo mwezi wa saba hupenya mfereji wa kinena na kuingia mfukoni mwake. Faida ya safari hiyo ni ubaridi: mbegu za mwanaume hukomaa vizuri kwenye joto lililo chini ya lile la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4 hivi. Si wanyama wote waliopita njia hii. Tembo na pimbi, ambao ni jamaa kwa nasaba ingawa maumbo yao hayafanani, hubaki na korodani ndani ya tumbo karibu na figo maisha yao yote, na huzaa bila shida. Wao hawakuhitaji mlango.

Alama za safari tunazo bado. Ateri inayolisha korodani huanzia juu, chini kidogo ya zile za figo, na neva huandamana nayo. Ndiyo maana mchezaji aliyepigwa na mpira hapo hujikunja akishika tumbo, na mwenye jiwe kwenye figo husikia maumivu yakimshukia hadi kwenye korodani. Vilevile, kila tabaka ambalo korodani ilipita liliivalisha vazi. Vazi lililotoka kwenye msuli wa kati ndilo linaloivuta juu mtu anapoingia kwenye maji baridi.

Shida huletwa na kile kinachotangulia. Mbele ya korodani, ule utando laini wa tumbo huchomoza kama kidole cha glavu na kupita mlangoni kwanza. Baada ya safari, kidole hicho hutakiwa kujifunga na kutoweka, kibakize mkia tu. Kisipojifunga, mfuko mtupu hubaki ukisubiri. Kwa mmoja utumbo hushuka humo akiwa mtoto anayelia; kwa mwingine hushuka akiwa na miaka 30, siku aliyobeba gunia la saruji. Hulaumiwa gunia, kumbe njia ilikuwepo tangu kabla hajazaliwa.

Kuna ngiri nyingine ambayo haipiti mlango huo. Ukuta wa nyuma wa mfereji huchakaa kwa umri, kwa kikohozi cha miaka mingi, kwa kujikamua chooni, na hatimaye huvimba moja kwa moja kuelekea mbele, karibu zaidi na katikati. Daktari wa upasuaji huzitofautisha kwa ateri moja inayopanda hapo: iliyotokea upande wa nyonga ni ya mlango wa zamani, iliyotokea upande wa katikati ni ya ukuta uliolegea. Pembetatu ya ukuta huo dhaifu ilielezwa na Mjerumani Franz Kaspar Hesselbach, na mpaka leo ina jina lake. Ya tatu hupenya chini ya ule utepe, pale mishipa mikubwa ya damu inapoingia pajani. Hii huwapata zaidi wanawake, na kwa kuwa tundu lake ni jembamba, hunasa utumbo upesi.

Majina matatu, maradhi matatu

Lugha yetu haikukosa maneno hapa. Inayo mtoki, inayo busha, inayo ngiri. Mitaani, hata hivyo, mara nyingi yote huitwa ngiri au mshipa, na kibao kimoja huahidi dawa moja ya yote, pamoja na nguvu za kiume.

Mtoki ni tezi ya kinenani iliyovimba kwa kupambana na vijidudu, pengine vya kidonda cha mguuni au vya ugonjwa wa zinaa. Ni kivimbe kigumu, huuma ukikigusa, na hakirudi ndani ukilala. Busha, au ngirimaji, ni maji yaliyojaa kuizunguka korodani, ndani ya mkia uliobaki wa kile kidole cha utando. Katika pwani yetu, kuanzia Kilifi na Kwale hadi Tanga, Lindi na Mtwara, sababu mojawapo kubwa ni minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Busha halipungui ukilala, na mara nyingi ukilimulika kwa tochi gizani huwaka wekundu. Ngiri hutokeza ukisimama au kukohoa, na mwanzoni hurudi ndani ukilala chali.

Tofauti hii inaweza kuokoa maisha. Ngiri iliyozoea kurudi ikikataa kurudi, ikawa ngumu na yenye maumivu makali, mgonjwa akatapika, akakosa choo na hata upepo, basi utumbo umenyongwa. Damu haifiki, na ndani ya saa chache kipande hicho huanza kufa. Huyo ni mtu wa hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Hakuna mzizi, chale wala mkanda unaoweza kuziba tundu la ukuta. Tundu huzibwa kwa mkono.

Uzi, kisha wavu

Mkono uliofundisha kazi hiyo kwa ufasaha ulikuwa wa Edoardo Bassini wa Italia. Mwaka 1867, akiwa kijana wa kujitolea katika kikosi cha wafuasi wa Garibaldi, mpigania umoja wa Italia, alichomwa singe kwenye kinena cha kulia katika pambano la Villa Glori karibu na Roma. Alipona, akawa daktari wa upasuaji, na mwaka 1884 huko Padova akaanza upasuaji wake mpya: aliufungua mfereji wote, akaufunga mfuko juu kabisa, akaushona upya ukuta wa nyuma na kuirudisha ile kona ya mlango. Kabla yake, ngiri nyingi zilizoshonwa zilirudi.

Ushonaji huo ulikuwa na udhaifu: uzi huivuta pamoja misuli isiyotaka kukutana. Mwaka 1989 Irving Lichtenstein na wenzake wa Los Angeles walichapisha njia ya kutovuta kabisa. Wavu mwepesi hulazwa juu ya ukuta dhaifu, na mwili wenyewe huotesha nyuzi zake katika matundu ya wavu huo. Mgonjwa anaweza kufanyiwa kwa ganzi ya hapo hapo na kurudi nyumbani siku ile ile.

Bei ya wavu wa kiwandani ndiyo iliyowashinda wengi. Madaktari nchini India walianza kutumia kitambaa cha chandarua, na mashariki mwa Uganda jambo hilo likapimwa kisayansi. Wanaume 302 waligawanywa kwa kura: nusu wakawekewa wavu wa kiwandani uliokuwa ukiuzwa zaidi ya dola 100, nusu wakawekewa kipande cha chandarua kisichotiwa dawa, kilichotakaswa vijidudu hospitalini, kwa gharama ya kama dola 1. Matokeo yalichapishwa Januari 2016. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi la chandarua ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu. Katika kundi la pili, hakuna.

Chandarua hicho hicho, kikitandwa kitandani, humzuia mbu anayeleta matende na busha. Kikitakaswa na kulazwa kinenani na daktari, huziba tundu ambalo mwenyewe alizaliwa nalo. Kazi hiyo ya pili inahitaji kwanza mtu akubali kuonyesha mahali panapomtatiza. Daktari atakwambia usimame, ugeuze uso pembeni, ukohoe. Kohoa. Anachokitafuta chini ya kidole chake ni njia iliyofunguliwa mwilini mwako kabla hujaliona jua.