Picha Yako ya Nyota Imetoka Chafu? Usinunue Kamera Mpya, Ulikosa Flati Tu

Hii story utaijua.

Ulikopa kamera ya yule beshte wako wa kupiga harusi, mkachanga mafuta na mbogi hadi Magadi, mkakesha mkiumwa na mbu, ukarudi na picha 300 za Orion. Kufungua kwa laptopu, ni aibu. Katikati ni pinki, pembeni ni giza ka umechungulia ndani ya bomba, na kila mahali kumejaa mchanga wa rangi. Halafu kuna mjuaji anakuambia, "Buda, tafuta doh ununue darubini."

Tulia kwanza. Mimi pia nilichoma usiku mzima hivyo, na shida haikuwa kamera. Shida ni kwamba nilipiga nyota pekee, nikasahau kupiga makosa ya kamera yangu.

Ndio, makosa nayo hupigwa picha. Wacha nikuchanue.

Kwanza, kwa nini picha nyingi?

Ile nebula ya Orion, M42, iko mbali kama miaka ya nuru 1,350. Mwanga wake ukifika hapa ni kidogo sana, na dunia nayo inazunguka, so ukiacha kamera wazi muda mrefu nyota zinakuwa mistari. Kuna hesabu ya wasee wengi: 500 gawanya kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya 50mm kwa kamera ya sensa ndogo (zidisha na 1.6) inakupa sekunde 6 hivi. Lakini Orion iko karibu na ikweta ya anga, mahali nyota hukimbia zaidi, so shuka hadi sekunde 3 au 4.

Sekunde 4 ni kidogo, ndiyo maana unapiga 300 na kuzirundika ziwe picha moja. Hiyo ni dakika 20 za mwanga. Mchanga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: picha 4 zinaupunguza nusu, picha 100 zinaubakisha sehemu moja kwa kumi. Piga RAW kila wakati. JPEG imeshatupa nusu ya chakula kabla hujakaa mezani.

Sasa, zile fremu tatu ulizoruka

*Fremu za giza.* Funika lenzi na kifuniko chake, halafu piga kama 30 kwa ISO ileile, sekunde zilezile, na joto lilelile. Sensa ikipata joto inajitengenezea mwanga feki, na huo mwanga huongezeka karibu mara mbili kila joto likipanda nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana usipige Magadi na joto yake halafu uje umalizie za giza Limuru kwa baridi. Zipige hapohapo, kabla hamjafunga mizigo.

*Bayasi.* Kifuniko bado kiko, ISO ileile, lakini kasi ya juu kabisa ya kamera, 1/4000 kwa mfano. Piga 50. Hii inashika ile sauti ya chini ambayo kamera hutoa hata ikisoma kitu hakuna. Inachukua dakika moja, so huna kisingizio.

*Flati.* Si zile za Pipeline. Hizi ndizo zinaua ile duara ya giza pembeni pamoja na madoa ya vumbi. Asubuhi kukianza kupambazuka, vuta tishati nyeupe juu ya lenzi, isikunjike, elekeza juu angani mbali na jua, piga 30. Ile grafu ya mwanga kwa kamera ikae katikati, isigonge kulia.

Na hapa ndipo watu huchomeka: usiguse fokasi, usibadilishe uwazi wa lenzi, usitoe lenzi. Za giza unaweza kurudia kesho ukipata joto inayofanana. Flati hairudi. Ukishazungusha lenzi, vumbi limehama na huo usiku umeenda.

Hesabu iko hivi

Programu inachukua kila picha ya nyota, inatoa fremu ya giza, halafu inagawanya kwa flati iliyotolewa bayasi. Kutoa kunaondoa kile kamera iliongeza. Kugawanya kunarudisha kile lenzi ilipunguza. Ukigawanya kwa flati ambayo haijatolewa bayasi, hesabu inapinda na pembe zako hazitakaa sawa na katikati.

Siril ni ya bure na inafanya kazi kwa Windows, Mac na Linux. Tengeneza mafolda manne, uyaite lights, darks, flats na biases, juu script yake inatafuta majina hayo. Weka kila kitu kwa folda yake, amsha script, enda ukapike chai. Laptopu ikiwa mzee, pika na chapati pia.

Usipanike ukiona nyeusi

Faili ikitoka itakuwa nyeusi tii. Haijaharibika, mwanga wote umejificha upande wa kushoto wa ile grafu. Fuata hii foleni, usiruke:

1. Kata kingo mbaya.
2. Ondoa mwanga wa mji. Ile rangi ya machungwa upande wa Nairobi inatolewa sasa, kabla ya kuvuta kitu.
3. Sawazisha rangi. Siril inalinganisha nyota zako na katalogi ya nyota ambazo rangi zao zinajulikana, so hakuna kubahatisha.
4. Punguza kijani.
5. Ndio sasa uvute mwanga, pole pole, mara tatu au nne. Usisukume nyeusi hadi mwisho. Anga halisi ni kijivu cha mbali, si lami.
6. Rangi kidogo, basi.

Moyo wa M42 ukiungua ukawa mweupe pe, ni kwa sababu unang'aa kuliko mabawa yake. Siku nyingine ongeza picha 30 za sekunde moja, uziunganishe katikati.

Mahali usifike

Kuna programu siku hizi zitakuchorea mawingu ambayo kamera yako haikuona. Picha itapata likes, sikatai. Lakini ule mwanga ulitoka Orion miaka 1,350 iliyopita, ukakosa kila kitu njiani, ukagonga sensa yako Magadi. Ukiuzika chini ya mchoro wa kompyuta, ulikesha ya nini?

Bora nebula ndogo, yenye mchanga kiasi, lakini ni yako. Orion ikishakubali, hamia Kilimia. Ina vumbi la buluu jembamba sana, na bila flati safi hulioni hata kidogo.

So wikendi ijayo, kabla ufikirie lenzi ya elfu themanini, beba tishati nyeupe. Ioshe kwanza.