Poka: Kabla ya kungojea karata, pima bei ya kungoja

MTAKA cha mvunguni sharti ainame, walinena wahenga. Hawakusema, hata hivyo, kwamba ainame kwa gharama yoyote ile. Katika mchezo wa poka, wengi hupoteza fedha si kwa sababu ya kukosa bahati, bali kwa kutojua bei halali ya kuinama.

Aina ya poka inayochezwa zaidi duniani ni Texas Hold'em. Mnamo 2007, bunge la jimbo la Texas, Marekani, liliutambua rasmi mji wa Robstown kuwa chimbuko la mchezo huo. Umaarufu wake uliongezeka maradufu baada ya 2003, pale Chris Moneymaker, mhasibu aliyefuzu kupitia mashindano ya bei nafuu kwenye intaneti, aliponyakua dola milioni 2.5 jijini Las Vegas. Huchezwa pia katika kasino za Nairobi.

Kila mchezaji hugawiwa karata mbili za siri. Kisha karata tano huwekwa wazi mezani: tatu kwa mpigo, halafu ya nne, na hatimaye ya tano. Mshindi ni yule anayeunda karata tano bora kutokana na hizo saba. Baina ya hatua hizo, wachezaji huweka dau, hufuata dau la wenzao, huliongeza au hujitoa.

Karata za kungojea ni zile ambazo kwa sasa hazina thamani kubwa, ila zikipata moja tu ya kuzikamilisha, huwa tishio. Chukua mfano wa mchezaji aliye na ree na kumi, zote za kopa. Mezani pana mfalme na sita za kopa, pamoja na mbili ya pau. Ana kopa nne. Anahitaji ya tano.

Hesabu yake si ngumu. Kuna kopa 13 katika karata 52. Nne anaziona, hivyo zimesalia tisa. Karata asizozijua ni 47. Uwezekano wa kopa kujitokeza katika karata ya nne ni tisa kwa 47, yaani takriban asilimia 19. Akiruhusiwa kuziona zote mbili zilizobaki, uwezekano huo hupanda hadi asilimia 35.

Sasa tuseme mezani pana Sh3,000 na mpinzani anaweka dau la Sh1,000. Mchezaji wetu anatakiwa alipe Sh1,000 ili ashindanie Sh4,000. Kwa kila mara tisa atakazopata kopa katika karata ya nne, ataikosa mara 38; hivyo, bei ya haki ni takriban Sh4,220 kwa kila Sh1,000 anazolipa. Amepungukiwa na kama Sh220. Je, ajitoe?

Jibu linategemea aliyeketi mbele yake. Kuna mchezaji ambaye akiona kopa ya tatu mezani hutupa karata zake mara moja. Huyo hatamlipa hata ndururu zaidi. Lakini kuna yule asiyejua kujitoa, ambaye hufuata kila dau alimradi ana jozi yoyote mkononi. Kwake yeye, Sh220 si kitu. Kopa ikiangua, atalipa Sh2,000 au zaidi ili tu aone alichofichiwa. Mbele ya mtu kama huyo, kufuata dau ni uamuzi wa busara.

Aidha, wachezaji wa aina hiyo wanapokuwa wengi, bei huzidi kushuka. Mwingine akilifuata dau hilo la Sh1,000 kabla ya zamu yetu, mezani patakuwa na Sh5,000. Hapo hata bila ya kutarajia malipo ya baadaye, kufuata kuna faida.

Suala linalowatatiza wengi ni lile la kuongeza dau kabla ya karata kukamilika. Tuseme wapinzani ni wanne, na wote watafuata Sh1,000 zaidi. Mchezaji wetu atakuwa amechangia sehemu moja kwa tano, yaani asilimia 20, ya fedha hizo mpya, ilhali uwezekano wake wa kupata kopa hadi karata ya mwisho ni asilimia 35. Katika kila Sh5,000 zinazoongezwa, fungu lake kwa wastani ni Sh1,750. Aongeze bila ya kusita.

Mambo hubadilika mpinzani akiwa mmoja tu. Hapo anachangia nusu ya fedha mpya na kutarajia asilimia 35. Dhidi ya mchezaji mwoga, kuongeza kungali na maana kwa kuwa huenda akajitoa. Dhidi ya yule asiyejua kujitoa, tumaini hilo halipo. Afadhali aione karata inayofuata kwa bei ya chini kabisa.

Zipo karata chache zenye nguvu ya kuvunja kanuni hiyo. Mwenye tisa na nane za kopa, huku mezani pakiwa na saba na sita za kopa na mbili ya shupaza, anangojea kopa yoyote au, kwa ajili ya mfululizo, kumi au tano yoyote. Hizo ni karata 15, na uwezekano wa kupata mojawapo hadi mwisho ni asilimia 54. Huyu anaweza kuongeza dau hata dhidi ya mtu mmoja mwenye jozi.

Tahadhari ni muhimu. Wachezaji wasiojitoa huingia na karata zozote mbili za aina moja. Anayengojea kopa akiwa na saba na tano anaweza kuipata, kisha apigwe na mwenye malkia. Ndiyo maana ree ina thamani kubwa mno katika meza kama hiyo. Vilevile, katika mfano wetu wa kwanza, mbili ya kopa ingemkamilishia mchezaji karata zake, lakini pia ingeunda jozi mezani na huenda ikampa mpinzani karata tatu za namba moja na jozi juu yake, ambazo huishinda kopa.

Karata ikipatikana, weka dau kubwa waziwazi; asiyejua kujitoa hahitaji kutegewa mtego. Ikikosekana, jitoe. Kumtisha mtu ambaye hufuata kila dau ni kumpigia mbuzi gitaa.

Isisahaulike kwamba asilimia 35 maana yake ni kukosa takriban mara mbili katika kila tatu. Mtu anaweza kuamua sawasawa usiku kucha na bado arudi nyumbani mikono mitupu. Isitoshe, kasino hukata sehemu yake katika fedha za mezani, hivyo faida ndogo ya kwenye karatasi huweza kuyeyuka. Hesabu hizi hudhihirisha ukweli wake katika mamia ya michezo, wala si katika usiku mmoja wa mshahara.

Kwa hivyo, fedha za karo na kodi ya nyumba hazina nafasi katika meza hiyo, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kisheria kucheza kamari. Na kwa anayecheza, swali lisiwe, "Je, itakuja?" Liwe, "Nikilipa bei hii, nitalipwa nini ikija?" Asiyeweza kulijibu ndiye yule ambaye wenzake mezani wanamwita asiyejua kujitoa.