Posho ya Utafiti Imeninunulia Muda

Kila nikikutana na Waswahili wenzangu hapa Quakers Hill, swali ni lile lile: "Dada, muuguzi mzima unaachaje zamu za wikiendi ukarudi shule?" Wanauliza kwa upendo. Wengine wanauliza kwa niaba ya ndugu wa nyumbani waliozoea kutumiwa.

Nilikuja na diploma, nikasoma digrii hapa Sydney, kisha mwaka mmoja wa utafiti. Sasa nasomea uzamivu. Ninachochunguza kila familia yetu inakijua: watoto wanaogeuzwa wakalimani wa wazazi wao hospitalini. Binti wa miaka 13 anasimama kati ya daktari na mama yake, anatafsiri habari za mimba iliyoharibika. Katika hospitali za serikali mkalimani yupo, na mgonjwa halipi. Lakini mtoto yuko karibu zaidi. Na siku binti huyo akiwa na shida yake ya siri, atamwambia nani?

Kazi hii haifanyiki kwa masalia ya usingizi. Inataka kibali cha kamati ya maadili, ridhaa ya mzazi na ya kijana mwenyewe, halafu subira. Msichana hafunguki siku ya kwanza, hasa akijua Jumamosi nitakaa meza moja na mama yake harusini.

Hapo ndipo ufadhili unapoingia. Tangu 2017 serikali ya Australia inatoa fedha za mafunzo ya utafiti, Research Training Program, kupitia vyuo vikuu. Mwanafunzi huomba chuoni, si serikalini. Kwa raia na wakaazi wa kudumu ada ya uzamivu hulipiwa. Wageni nao wanaweza kuomba, ila ushindani ni mkali. Posho ya chini kwa mwaka 2025 ilikuwa dola 33,511, na anayesoma muda wote hakatwi kodi. Ni kama dola 1,289 kila wiki mbili. Muuguzi yeyote atakwambia: huo si mshahara.

Nyumbani tulikaa na mume wangu tukapiga hesabu mara tatu. Kilichobanwa ni fedha za kutuma. Nilimpigia kaka, nikamweleza kwamba ada ya mdogo wetu nitaendelea kuilipa, ila ujenzi usubiri. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Miaka mingapi?" Nikamwambia mitatu na nusu. Bado naona hakuridhika, na simlaumu. Nimebakiza zamu moja kwa wiki.

Mwenye ndugu muuguzi aliyebaki Afrika Mashariki amwambie kuhusu CARTA, ulioanza 2008 ukiongozwa na kituo cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Umefadhili uzamivu wa wafanyakazi wa taasisi wanachama, kama Makerere, Moi na Ifakara. Kazi ipo: utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba.

Kwa walio hapa: mtafuteni msimamizi kabla ya kujaza fomu. Barua ya kwanza iwe fupi, iseme swali lako na wodi uliyolitoa. Mimi niliandikia watatu; mmoja alijibu, baada ya wiki tano.