Damu Nzito ya Mji wa Dhahabu

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo!

Huko Peru, kwenye milima ya Andes, kuna mji uitwao La Rinconada. Uko zaidi ya mita 5,100 juu ya usawa wa bahari, kupita hata vibanda vya Kibo wanamopumzika wapandaji wa Kilimanjaro kabla ya kukiendea kilele. Wapandaji hao hushuka kesho yake. Watu wa La Rinconada huishi huko huko. Wengi wao walitoka kwao chini wakaifuata dhahabu.

Sasa sikilizeni mwili unavyohangaika. Hewa ya huko ni nyepesi. Kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni anayoivuta mtu wa pwani. Figo zikihisi upungufu, hupeleka agizo kwenye uboho wa mifupa: ongezeni chembe nyekundu za damu! Chembe hizo ndizo wachukuzi wa oksijeni, kwa hiyo zikiongezeka mtu hupata nafuu. Lakini kwa baadhi ya watu uboho hautosheki. Damu inakuwa nzito kama uji, na moyo unataabika kuisukuma. Mwaka 1925 daktari wa Peru, Carlos Monge, aliueleza ugonjwa huo, na hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Basi aliyezidiwa hujulikanaje? Daktari humbana kidole kwa kifaa cha kusoma oksijeni, kisha huchukua damu kidogo kupima hemoglobini. Mwanamume akifika gramu 21 kwa desilita, au mwanamke 19, daktari hushtuka. Hata hivyo hakimbilii kuhukumu. Huuliza: Kichwa kinauma? Usingizi unakuja? Masikio yanavuma? Viganja vinawaka moto? Hutazama kama midomo imeiva zambarau na mishipa imetuna. Kila dalili hupewa alama, kuanzia 0 hadi 3. Jumla ikifika 15, ugonjwa umekuwa mkali.

Mbona asitosheke na kipimo cha damu? Kwa sababu wapo wachimbaji wenye damu nzito mno wanaoshinda mgodini bila kulalamika, na wapo wenye damu nyepesi kuliko yao wasiopata usingizi.

Dawa ya uhakika ni kushuka. Lakini bondeni hakuna mgodi, na nyumbani watoto wanataka chakula na ada. Haya, wajukuu zangu, nijibuni: mngekuwa ninyi, mngeshuka?