GARI LIMETOKA GEREJI, LIMEZUA UGONJWA MPYA: UANZIE WAPI?



Hii naiweka hasa kwa vijana wanaoendesha gari za watu, maana ndio wanaoumia zaidi. Picha yenyewe mnaijua. Noah ya tajiri imepelekwa Morogoro mjini, gereji kubwa yenye geti na mlinzi, imebadilishwa rejeta na bili imelipwa. Dereva anarudi. Mpaka Dumila gari liko poa. Akianza kupanda kuja huku Mamboya, mshale wa joto nao unapanda. Akipiga simu gereji anaambiwa "gari ilitoka hapa nzima". Tajiri naye anasema "umeliendesha vibaya". Dereva mwenyewe hana hata karatasi moja mfukoni. Hapo kibarua kimeota nyasi.

Sasa tuelewane. Gari kuharibika baada ya kutoka gereji si ushahidi kwamba gereji ndiyo imeliharibu. Gari nyingi tunazoendesha Bongo zilishatumika Japani miaka mingi kabla ya kupanda meli, kila kifaa kina siku yake ya kufa. Umebadilisha pedi za breki Jumatatu, Ijumaa mkanda wa alteneta ukakatika: huyo fundi wa breki umwache, hajagusa huko. Swali la kujiuliza ni hili: fundi alishika wapi, na ili afike hapo alifungua nini njiani? Ugonjwa mpya ukiwa hapo alipogusa, au sehemu aliyoipitia, una kesi. Ukiwa mbali na hapo, kesi yako ni nyembamba.

Kuna magonjwa ya gereji ambayo fundi yeyote mkweli anayajua. La kwanza ndilo hilo la Noah. Maji yakimwagwa na kujazwa upya, hewa inaweza kunasa ndani ya mfumo wa kupoza injini. Ukichungulia rejeta unaona maji yamejaa, kumbe kuna sehemu hayafiki. Kwenye tambarare ya Kimamba au Kilosa gari halisemi kitu, ila likibeba mzigo na kukutana na mlima linachemsha. Zima AC, fungua hita mpaka mwisho (utatoka jasho, vumilia) na usimame mahali salama uzime injini. Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka injini ipoe kabisa, watu wameungua uso kwa haraka hiyo. Na tafadhali usijidanganye kwamba "nafika tu pale mbele". Dakika chache za kuchemsha zinatosha kupindisha silinda hedi, na hapo bili ya kutoa hewa inageuka bili ya injini.

La pili ni nati za tairi. Tairi likishafunguliwa, nati zinatakiwa kukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100 hivi, hasa kwenye rimu za aloi. Ukisikia mtetemo mpya au mlio wa kugonga upande mmoja, simama ukague kabla hujamlaumu mtu wala barabara.

Breki ni habari nyingine kabisa. Pedali ikizama kuliko zamani baada ya kutengenezwa, mara nyingi kuna hewa kwenye mfumo au mahali panavuja. Gari hilo haliendeshwi, hata kwa kurudi gereji. Liburuzwe, au fundi aje alipo. Na anayetoka Morogoro kwenda Mikumi akumbuke kwamba barabara inapita kama kilomita 50 ndani ya hifadhi. Tembo hasubiri ukanyage mara tatu.

Baada ya sevisi angalia chini ya gari asubuhi. Tone la oili linaweza kuwa boliti ya kumwagia haikukazwa, au raba ya filta ya zamani ilibaki imenata na mpya ikawekwa juu yake. Taa ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo. Hiyo taa haina mjadala.

Giaboksi ndiyo inayoumiza mifuko kimya kimya. Chukua mfano wa Toyota IST, gari la kila mtu. Toleo la kwanza, lililoanza 2002, lina otomatiki ya kawaida. Toleo la pili, lililoanza 2007, lina CVT, ambayo inataka oili yake maalumu. Kwa macho hayo magari ni ndugu, na fundi mwenye haraka akimimina oili ya aina moja kwenye yote, gari la CVT linaweza kutembea vizuri siku kadhaa kabla ya kuanza kuvuta kwa shida, kupiga kelele au kugoma. Ndiyo maana usiridhike na bili iliyoandikwa "oili ya giaboksi" tu. Iandikwe aina gani na lita ngapi.

Taa ya injini ikiwaka baada ya matengenezo usiogope sana, mara nyingi ni plagi ya sensa iliyosahaulika au mpira wa hewa uliochomoka. Lakini irudishe isomwe na mashine, na namba ya kosa uandikiwe.

Haya, ugonjwa umeshatokea. Ufanye nini?

Hapa ndipo wengi tunapoharibu wenyewe. Gari likizima Mamboya, fundi wa mtaani yupo hatua mia mbili na gereji iliyotengeneza iko Morogoro. Kichwa kinakwambia afungue tu. Fundi wetu anaweza kuwa mjuzi kuliko hao wa mjini, sibishi, gereji bubu nyingi zina watu wenye mikono ya dhahabu. Tatizo ni kwamba akishafungua, wa kwanza ana jibu tayari: "Limeshafunguliwa na mwingine, sisi hatuhusiki." Na kama kuna garantii ya maandishi, huenda ndiyo imekwisha hapo. Kwa hiyo piga simu kwanza kwa waliotengeneza, halafu uandike ujumbe wa WhatsApp hata kama wamepokea simu, kwa sababu simu haina kumbukumbu ya maneno. Sema gari limefanya nini, saa ngapi, limetembea kilomita ngapi toka litoke kwao, na unataka wakupe maelekezo gani. Piga picha ya dashibodi ikionyesha kilomita na taa zilizowaka. Rekodi video ya mlio. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, inayokubali ushahidi wa kielektroniki, kwa hiyo usifute hizo meseji wala ile ya muamala wa simu uliolipia bili.

Wakikujibu "mpelekee fundi wa hapo hapo", vizuri, ila waandike. Ruhusa ya mdomo ikifika mjini inageuka.

Kama hawajibu kabisa na gari haliwezi kukaa, mwite fundi mwingine aangalie mbele ya shahidi, apige picha kabla ya kugusa, na kifaa alichotoa kibaki mkononi mwako. Vifaa vya zamani ni vyako, ulivinunua. Kubwa zaidi, vinasema ukweli: raba mbili za filta zilizonatana hazihitaji wakili. Mkibishana sana, tafuteni jicho la mtu asiye na maslahi. VETA wana chuo Mikumi na kingine Kihonda, Morogoro. Ulizia kama kuna mwalimu wa ufundi magari anayeweza kukagua na kuandika alichokiona.

Kuhusu sheria, msidhani haki hizi ni za Ulaya tu. Kweli Uingereza wana sheria ya 2015 inayosema kazi ifanywe kwa uangalifu na ustadi unaostahili, isipofanywa hivyo mteja anaweza kudai irudiwe bila malipo. Kenya haki za mlaji zimo mpaka ndani ya Katiba ya 2010, ibara ya 46. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya 2003, ambayo chini yake ndiyo ipo Tume ya Ushindani, FCC. Inakataza kumpotosha mlaji, na ina masharti yanayohesabiwa kuwemo kwenye mkataba wa mlaji hata kama hamkuyaandika. Ukiuziwa spea feki kwa bei ya orijino, hao FCC ndio wa kupelekewa, kupambana na bidhaa bandia ni kazi yao.

Halafu kuna Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Aliyevunja makubaliano anafidia hasara iliyotokana na kosa lake, lakini hasara ya mbali hailipwi, na inaangaliwa pia mlalamikaji alikuwa na njia gani ya kuipunguza. Kwa Kiswahili cha kijiweni: mshale ulipanda, ukaona, ukaendelea kukanyaga mpaka injini ikafa, basi wanaweza kukulipa maji ukabaki na injini yako. Kusimama mapema kunaokoa chuma na kunaokoa kesi.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Fundi ana haki ya kulishikilia gari mpaka alipwe kwa kazi aliyoifanya sawasawa. Kugoma kulipa huku gari liko ndani ya geti lake kunakuweka pabaya. Mara nyingi ni afadhali ulipe, udai risiti ya EFD, na juu ya karatasi ya kazi uandike "nimelipa, sijaridhika na jambo fulani", usaini, na nakala ubaki nayo. Mkishindwana, na kiasi si kikubwa, kuna Mahakama ya Mwanzo, ambako unajieleza kwa Kiswahili chako. Lakini anza na barua kwa meneja, weka tarehe, mpe siku za kujibu. Gereji yenye jina haipendi barua, na nyingi zinamalizika hapo.

Kwa dereva wa mkataba, zile meseji za gereji zitume na kwa tajiri saa ile ile, usisubiri jioni wakati wa hesabu. Akiona saa 8:10 gari limechemsha na saa 8:12 umezima na kupiga picha, atakuwa na kazi ya kukuambia umeua injini kwa makusudi. Na safari nyingine ukichukua gari gereji, usipokee funguo ukaondoka. Mwambie fundi apande mkazunguke naye, mpande hata kamlima, mkanyage breki kwa nguvu, mrudi mchungulie chini ya injini ikiwa ya moto. Ukifika Dumila simama tena, kaza nati, angalia maji na tone, ndipo uanze kupanda.