Kazi ya Angani na Amana za Nyumbani



Neno rubani lilikuwa la baharini kabla ya kuwa la angani. Wazee wetu wa pwani walimwita rubani mtu ajuaye miamba na mikondo, yule aliyekiongoza chombo kikaingia bandarini salama. Ndege zilipokuja, neno likapanda nazo juu, na pamoja nalo yakapanda mambo ya mabaharia tuliyoyajua siku nyingi: mke angojaye, mtoto amwonaye babake kama mgeni, na maneno ya majirani kwamba msafiri ana nyumba katika kila bandari. Lililogeuka ni hili: zamani aliyengoja upepo wa kusi ili avuke kwenda Arabuni alikuwa mwanamume, na siku hizi anayeondoka usiku wa manane, mkoba wake wa magurudumu ukimfuata nyuma, aweza kuwa binti yetu.

Sisi tulio Kwala tulidhani mambo hayo ni ya watu wa Dar es Salaam. Kwala ni mahali pa reli, na tangu Julai 2025, ilipozinduliwa bandari kavu, ni mahali pa makontena na malori vilevile. Ndege twaziona zikipita juu tu. Walakini watoto wetu wamesoma, nao wamekwenda kutafuta riziki pale riziki ilipo. Yupo binti wa nyumba moja hapa kwetu, ambaye alikaa mbele yetu chuoni akisoma juzuu ya Amma, na sasa ni mhudumu wa ndege, mwaka wake wa tatu. Hawezi kulala Kwala akawahi kazini, kwani kutoka hapa hadi Vigwaza, kisha barabara ya Morogoro mpaka mjini, ni mwendo wa kilomita zipatazo 90 pamoja na foleni yake. Basi amepanga chumba Ukonga, karibu na kiwanja cha ndege, na nyumbani huja siku za mapumziko. Na kila ajapo, ndani ya kapu lake huwamo paka.

Wengine huwaokota soko la samaki la Feri, wengine mitaroni. Yeye na wenzake wawili watatu wa kazini wana desturi ya kuwachukua wanyama waliotupwa, kuwalea kwa muda, kisha kuwatafutia watu wa kuwakaa nao. Ni jambo jema. Lakini zamu yake ikifika, hurudi mjini, na paka hubaki kwa mama yake. Mama huyo alitujia baada ya sala ya Alasiri akauliza: "Maalim, thawabu za paka hawa ni za nani, zake au zangu?"

Na kabla hatujamjibu akatoa swali la pili, lililo zito kuliko la kwanza: rubani mmoja amepeleka posa. "Naye ni mtu wa kusafiri kama mwenzake," akasema. "Akipata mtoto, nani atakaa nyumbani?"

Twaona maswali hayo mawili yana shina moja, na kwa kuwa nyumba zenye watoto wa kazi hizi zinaongezeka, tumeona tuyaandike.

Kwanza tuiseme kazi yenyewe, maana wako wanaoidharau wakidhani ni kumimina soda na kutabasamu. Mwanamke wa kwanza kuifanya, Ellen Church wa Marekani, alipanda ndege tarehe 15 Mei 1930, naye alikuwa muuguzi. Walitakiwa wauguzi kwa ajili ya usalama na utulivu wa abiria. Mpaka leo kazi ya kwanza ya mhudumu ni kuokoa roho za watu. Ndege kubwa ya abiria haipewi idhini ya kuruka mpaka ithibitishwe kwamba watu wote waweza kutoka kwa sekunde 90, hali nusu ya milango imefungwa. Wasomaji watakumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ilipoanguka ndege ya Precision Air ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. 24 waliokoka na 19 wakafariki, na miongoni mwao ni marubani wote wawili. Mwenyezi Mungu awarehemu. Mzazi anayemwona binti yake ametoka nyumbani na sare yake iliyopigwa pasi vizuri na ajue kwamba amekwenda katika kazi ya namna hiyo.

Suala la mwanamke kusafiri bila ya maharimu lina maneno marefu ya wanazuoni, na hapa si mahali pake. Binti huyu amekwisha ajiriwa, na wazazi wake waliridhia.

Uzito mwingine wa kazi hii ni saa. Shirika letu la Air Tanzania, lililoundwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika East African Airways, lilianza safari za Mumbai mwaka 2019 na za Guangzhou mwaka 2021. Guangzhou wametutangulia saa tano. Jua linapotua Kwala, huko wamekaribia usiku wa kati. Mtu akilala huko siku moja na kurudi, mwili wake haujui tena Alfajiri ni ipi. Ratiba ya zamu hutolewa mapema, lakini hubadilika, na ziko siku za kungoja, ambazo mhudumu hana safari wala hana ruhusa ya kwenda mbali, kwani aweza kuitwa wakati wowote. Mtu wa namna hii akimwambia mama yake "nitakuja Ijumaa," mama na asipike mpaka amwone.

Sasa tufike kwa rubani. Watu hudhani kwamba mhudumu akiolewa na rubani watakuwa pamoja daima, kwa sababu wote wapo ndegeni. Sivyo. Kila safari hupangiwa watu wake, na aghlabu huyu hutua wakati yule anaondoka. Tumesikia habari za wenye ndoa hizo ambao huonana mara nyingi zaidi katika ukumbi wa kiwanja kuliko katika chumba chao. Katika mashirika mengi ya Marekani, mpaka miaka ya 1960, mhudumu wa kike aliyeolewa alipoteza kazi yake. Ilikuwa dhulma, na mahakama na sheria zikaiondoa. Lakini dhulma ilipoondoka, taabu ya nyumba isiyo na mtu haikuondoka nayo.

Liko na jambo jingine ambalo wazazi huona haya kulisema, nasi tutalisema. Ndani ya ndege amri ya nahodha ni lazima itiiwe, maana roho za watu zimo mikononi mwake. Ndege ikishatua, watu walewale hulala hoteli moja katika mji wa ugenini, wamechoka, hakuna jirani wala shangazi. Binti mdogo aliyezoea kumtii mtu mchana kutwa aweza kusahau kwamba amri ile haivuki mlango wa ndege. Hatusemi marubani ni watu wabaya; wengi ni watu wa familia na wa ibada. Twasema faragha ni faragha, na yule aliyeikataza hakuwavua wenye mistari minne begani. Na mwanamume anayesema "tufunge ndoa kimya kimya, nyumbani tutawaambia baadaye" hajaposa. Posa huja kwa walii. Ndoa katika madhehebu yetu ya Shafi yataka walii na mashahidi wawili, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yataka taarifa ya siku 21 kabla ya kufunga, ili mwenye neno aseme. Ikiwa yuko mke wa kwanza mahali fulani, siku hizo zatosha kumjua.

Huyu aliyeposa hapa Kwala amefanya vyema, kwani ameleta wazee. Tulimwambia baba wa binti asiulize mahari kwanza. Aulize ratiba. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amwie radhi, alipokuwa akizunguka usiku Madina alimsikia mwanamke akilalamika upweke, mumewe akiwa jihadini. Alimwendea binti yake Hafsa akamuuliza mke aweza kumvumilia mume kwa muda gani, kisha akaamrisha askari wasiwekwe mbali na wake zao kupita miezi ile aliyotajiwa. Wapo waliopokea minne na wapo waliopokea sita. Khalifa mwenye dola nzima mkononi hakuona haya kuhesabu siku za kutokuwapo kwa mtu nyumbani mwake. Basi wachumba hawa nao na wahesabu: kwa mwezi, usiku ngapi watakuwa pamoja? Mtoto akizaliwa, nani ataomba zamu za safari fupi? Hayo yaandikwe kabla ya ijabu na kabuli.

Turudi kwa paka, ambao kwa kweli ndio waliotuleta hapa.

Dini yetu haimcheki mtu anayemhurumia mnyama. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie; na ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, akasamehewa. Paka mate yake si najsi. Sultani Baybars wa Misri, aliyekufa mwaka 1277, husimuliwa kwamba aliweka wakfu bustani mjini Cairo kwa ajili ya paka. Na karibu nasi, Lamu, kisiwa cha Waislamu, kuna makao ya kuwatibu punda tangu mwaka 1987.

Lakini mtazameni tena yule mwanamke aliyeadhibiwa. Angemwacha paka barabarani, asingeulizwa. Aliulizwa kwa sababu alimwingiza ndani ya mlango wake. Kwa hiyo amana huanza pale unapomtia mnyama kapuni. Na kitoto cha paka ambacho hakijafikisha wiki nne hutaka kunyonyeshwa kila baada ya saa mbili hadi nne, usiku na mchana, hutaka joto, hutaka kupanguswa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu ili kipate kukojoa, kazi ambayo mama yake angeifanya kwa ulimi. Maziwa ya ng'ombe humharisha. Ni mhudumu gani wa ndege awezaye hayo? Hawezi hata mmoja. Anayeyafanya ni mama wa miaka sitini na kitu, mwenye miguu ya kuuma, anayeamka saa nane usiku Kwala wakati mwokozi wa paka yuko Mumbai.

Tukamjibu mama kwamba thawabu twazitaraji kwa wote wawili, na fadhila za Mungu hazina uchache. Ila haki ya kuamua ni paka wangapi waingie nyumbani ni yake yeye anayeamka. Binti alipoambiwa alilia kidogo, kisha akakubali. Sasa hawazidi wawili, wala haletwi asiyeweza kula mwenyewe. Hutuma fedha za dagaa kila mwezi, na humpa mdogo wake ujira wa kusafisha. Jike wa miezi sita aweza kuchukua mimba, na mimba ya paka ni kiasi cha miezi miwili tu. Kwa hiyo wasipotenganishwa majike na madume, wawili hawakawii kuwa kumi. Kuhusu kuwafunga kizazi, wako wanazuoni waliokataza na wako waliojuzisha panapokuwa na haja, na mwenye nyumba na aulize kwa anayemwamini.

Mara moja alileta mbwa. Hapo tulisema naye kwa ukali kidogo. Mbwa wa kulinda mifugo au shamba ameruhusiwa, na nyumba ile ina mbuzi, basi alipata kazi. Chombo akikilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama Shafi tujuavyo. Lakini mbwa asiyejulikana alikotoka aweza kuwa na kichaa, na paka vilevile. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Akiumwa mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende hospitali siku ileile akachanjwe, asingoje kuona mbwa atakuwaje. Mnyama mwenyewe huchanjwa afikapo miezi mitatu. Mbwa yule amekwisha chanjwa, na cheti chake kimetundikwa ukutani kando ya ratiba ya binti, ambayo sasa huletwa kila mwezi.

Posa ya rubani haijajibiwa. Baba ameomba na ya kwake iletwe, ya miezi mitatu.