Chetambe Ipo Karibu Kuliko Peru

Mwalimu yeyote wa historia huku Kwanza aweza kuwaeleza wanafunzi habari za Machu Picchu, magofu ya Wainka ambayo Hiram Bingham aliyatangaza ulimwenguni baada ya kuyafikia mwaka 1911. Waulize wanafunzi hao hao habari za Chetambe, mwendo wa asubuhi moja tu kwa matatu, uone watakavyotazamana.

Majuzi niliandamana na vijana wa kidato cha pili hadi kilima hicho, karibu na mji wa Webuye. Mzee wa kijiji ndiye aliyetuongoza. Alituonyesha lilikopita handaki la ngome, ambalo sasa limefukiwa nusu, akaeleza jinsi Wabukusu walivyozungushia maboma yao kuta za udongo. Mwaka 1895 Mwingereza Hobley aliwajia na jeshi lenye bombomu. Lumboka ilianguka kwanza. Waliosalia wakakimbilia Chetambe, nako wakashindwa. "Wajukuu wangu," mzee alisema, "hapa kanyageni polepole." Hakuna aliyecheka, na umri wao mwaujua!

Hata hivyo, handaki halina ua, na jembe hulisogelea kila msimu wa mahindi. Mzee naye hajapata wa kumrithisha masimulizi yake. Walimu wenzangu, kabla ya kuchangisha nauli ya kwenda Mombasa, wapelekeni vijana Chetambe, na mzee alipwe kama wanavyolipwa waongozaji wa watalii. Wanafunzi nao wayaandike waliyoyasikia, kwa Kibukusu na kwa Kiswahili, na daftari hilo liwekwe katika maktaba ya shule.